Boti ya bure, boti ya pauni 3,500 au ile ndogo ya futi 22: nichukue ipi?

Shikamoo Nahodha,

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Tanga. Nimekulia kwenye ngalawa ya baba, najua kushika usukani na kupunguza tanga upepo unapochafuka, ila sijawahi kumiliki chombo changu mwenyewe. Sasa naishi Portsmouth, Uingereza, naendesha basi. Mke wangu ni mtu wa Moshi na hajui kuogelea. Tuna watoto wawili, wa miaka 10 na 7. Kila nikiziona boti za matanga zimejaa bandarini hapa, moyo unanienda mbio.

Nimedunduliza pauni 4,500, na hizo ndizo zote. Nataka boti ya mtumba ya kulala ndani usiku mmoja au miwili, tuwe tunavuka kwenda Isle of Wight mwishoni mwa wiki, na huko mbele, Mungu akijaalia, tufike hata Cherbourg, Ufaransa.

Nimeziona tatu. Ya kwanza ni ya futi 31, iko nchi kavu kwenye yadi, haijaingia majini miaka sita. Injini imekwama. Mwenyewe anaitoa bure, mradi niliondoe jina lake kwenye vitabu vya yadi. Ya pili ni Westerly Centaur ya mwaka 1974, futi 26, mikuku miwili (yale mapezi mazito ya chini ya boti), imefungwa kwenye boya huko juu ya bandari ambako maji yakipwa inakaa kwenye tope. Anataka 3,500. Ndani imechakaa, kitambaa cha dari kimening'inia, madirisha yanavuja, lakini mzee mwenye nayo alikuwa akiitembeza mpaka Septemba iliyopita. Ya tatu ni Hurley 22, mkuku mmoja, matanga mazuri, mashine ndogo ya kutundika nyuma, pauni 1,500.

Rafiki yangu Mwingereza ananiambia nichukue ile kubwa, kwamba faiba haiozi na mimi nina mikono. Mke wangu anasema kitu cha bure kinamtia wasiwasi. Na nimesikia boti za zamani za faiba zinatoka malengelenge chini, kwamba ni kama ugonjwa usiopona. Je, ni kweli? Na hapa nahitaji leseni? Nishauri kama mwanao.

Baba wa Wawili, Portsmouth

*

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi sana kuona mtoto wa mvuvi anataka kurudi majini na watoto wake, na nataka urudi nao salama na mfuko wako ukiwa bado una kitu.

Ya futi 31 iache. Msikilize mkeo. Rafiki yako amesema kweli kwamba faiba haiozi, na hiyo ndiyo sababu boti hizi zinatolewa bure. Jahazi la mbao likichoka, hufumuliwa, mbao zikapata kazi nyingine. Boti ya faiba ikichoka haina pa kwenda. Kuikata na kuitupa ni gharama ya mwenyewe, tena si ndogo. Huyo bwana hakupi zawadi, anakukabidhi bili. Siku utakayotia sahihi, kodi ya yadi inaanza kusoma jina lako, nayo huhesabiwa kwa urefu wa boti, mwezi baada ya mwezi, iwe umeshika brashi au umelala. Uliza pia kama amebakiza deni pale. Yadi inaweza kukizuia chombo mpaka ilipwe, na chombo kitakuwa chako wakati huo.

Tuseme deni hakuna. Injini iliyokwama ya boti ya futi 31, hata ukipata ya mtumba, itameza zaidi ya nusu ya akiba yako kabla fundi hajalipwa. Nyaya za mlingoti zilizosimama mvuani miaka sita hutaziamini. Matanga yaliyokaa mfukoni muda wote huo yana ukungu. Unaendesha basi kwa zamu. Utakuwa unaikarabati Jumapili moja moja, kwenye baridi, na watoto watafika utu uzima wakiwa hawajaonja maji ya Solent, ile bahari nyembamba kati yako na Isle of Wight. Nimeona wanaume wengi wenye mikono mizuri wakizeeka chini ya boti za namna hiyo.

Kwa mtu mwenye pesa ndogo mimi nina kipimo kimoja ninachokiweka mbele ya vyote: nunua chombo ambacho mwenyewe alikuwa anasafiria msimu uliopita. Jina la kiwanda linakuja nyuma ya hapo, urefu nao nyuma zaidi, na rangi mwisho kabisa. Boti inayotumika, kila kitu kibaya ndani yake kimeshajionyesha na mtu amekishughulikia, hata kama kwa kamba na gundi. Boti iliyolala inaficha. Kwa kipimo hicho umebaki na mbili, Centaur na Hurley, na zote mbili ni vyombo vya heshima.

Kabla hujaenda kuangalia tena yoyote, piga simu kuuliza mahali pa kuiweka. Wanunuzi wa mara ya kwanza huliacha swali hili mwisho, na ndilo linaloamua. Kwenye marina za Solent, boti ya mita nane inaweza kukula pauni 4,000 na zaidi kwa mwaka, yaani akiba yako yote kwa kufunga kamba tu. Boya la kwenye tope, mahali panapokauka maji yakipwa, kwa kawaida ni mamia ya pauni, si maelfu. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuwezesha kuwa na boti au kukushinda. Sehemu za juu za bandari ya Portsmouth na Langstone Harbour ya jirani zina sehemu nyingi za namna hiyo, ila kuna foleni. Muulize mzee wa Centaur kama boya lake linaweza kuhamishiwa kwako. Mara nyingine haliuzwi pamoja na boti, linarudi kwa wenye bandari, na hapo unabaki na chombo mkononi bila pa kukiweka.

Hapa ndipo mikuku miwili inapokuwa na maana. Centaur ikiachwa na maji inakaa wima juu ya mikuku yake, watoto wanaendelea kula. Hurley uliyoiona ina mkuku mmoja. Ikipwelewa italala ubavu. Itataka boya la maji ya kina, na hilo bei yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo ile 1,500 si rahisi kama inavyoonekana. Pigia hesabu ya miaka mitatu, boya ndani yake, kisha ndiyo ulinganishe.

Centaur naijua vizuri, niizungumzie kwa urefu. Ilichorwa na ofisi ya Laurent Giles na kujengwa na Westerly pale Waterlooville, ambapo kwa basi lako ni mwendo mfupi kutoka ulipo. Kuanzia 1969 hadi 1980 zilitoka zaidi ya 2,400. Wingi huo ni faida kwako: vipuri vinapatikana, mafundi wameshaziona, na kila ugonjwa wake unajulikana. Si ya mbio. Kupiga bisho inachelewa, inateleza upande wa demani, unakoelekea upepo, kuliko boti ya mkuku mmoja, ukitoka Isle of Wight kwa upepo wa mbele utafika nyumbani usiku. Lakini ni pana, mtu mzima anasimama ndani, ina choo chenye mlango, na haiinamii ovyo. Kwa mama asiyejua kuogelea na mtoto wa miaka 7, mimi hayo nayaweka mbele ya mwendo.

Nenda kaitazame maji yakiwa yamepwa, siku ya bamvua, yanapokauka zaidi, uvae buti ndefu. Muombe mzee ruhusa ufunue mbao za sakafu. Ugonjwa wa Centaur uko pale mikuku inapoungana na mwili. Kila maji yanapojaa na kupwa, uzito wote wa boti unakaa juu ya mikuku miwili ya chuma, nayo inavutwa ikitaka kupanuka kwenda nje, mara mbili kwa siku, miaka hamsini. Ndani, tazama vichwa vya bolti: kutu ya juu juu si neno, lakini kutu inayotiririka ikiwa bado mbichi, au maji ya chumvi yanayorudi ngamani, chini kabisa ndani ya boti, dakika chache baada ya kuyafuta, maana yake kuna njia. Pitisha ukucha kwenye faiba inayozunguka bolti; ufa unaokamata ukucha uuliziwe. Halafu toka nje, inama topeni, utazame mshono ule ule kwa chini. Uliza kama sehemu hiyo iliwahi kuongezwa nguvu. Centaur nyingi zimeshafanyiwa kazi hiyo, na iliyofanyiwa vizuri ni bora kuliko ambayo haijaguswa. Risiti ya kazi hiyo ina thamani kuliko zulia jipya na rangi mpya.

Kitambaa cha dari kinachoning'inia usikiogope hata kidogo, na kitumie kupunguza bei. Madirisha yanayovuja ni kazi yako wewe na mpira mpya, wikendi chache. Rafiki zako watacheka sura yake, waache.

Kitu cha pili ni nyaya za stenlesi zinazoshika mlingoti. Zina kawaida ya kuonekana nzima mpaka siku zinapokatika, na kampuni nyingi za bima zikiona zimepita miaka kumi zinataka zibadilishwe. Uliza zilifungwa mwaka gani na uione karatasi. Akikuambia hakumbuki, hesabu kwamba unanunua mpya, ukate pauni 1,000 na kitu kwenye bei hapo hapo.

Tatu, zile koki zinazofunga matundu yaliyo chini ya maji, za choo, za sinki na za maji ya injini. Zifungue na kuzifunga moja moja kwa mkono wako. Isiyozunguka haifai. Kisha ikwaruze kidogo kwa kisu: shaba nzuri inang'aa njano, shaba iliyoliwa na chumvi inatoka rangi ya waridi na inameguka kama biskuti. Tundu la namna hiyo likivunjika usiku, boti inakwenda chini huku mmelala. Kubadilisha si ghali ikiwa boti iko juu, kwa hiyo si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kutosafiri nayo kabla hujazibadilisha.

Injini yake huenda ni Volvo ya zamani ya dizeli. Ukifika, kabla ya maamkizi hayajaisha, weka kiganja juu yake. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameshaipasha kabla hujaja, na wewe unataka kuiona ikiwaka baridi. Iwashwe, itoe maji nyuma, iungurume nusu saa ikiwa imefungwa kamba na gia imeingizwa. Moshi mwepesi mweupe mwanzoni unaisha wenyewe; wa buluu unaoendelea ni oili inaungua; mweusi mzito ni mzigo au mafuta. Usichukulie injini kuwa kitu cha ziada kwa sababu unajua tanga. Pale mlangoni mwa bandari ya Portsmouth, vyombo vya chini ya mita 20 vinapita njia yao ndogo upande wa Gosport, na chombo chenye injini kinatakiwa kipite kikiwa kimeiwasha. Mkondo pale una nguvu, feri na manowari zinatoka mlango huo huo. Kwa upande huu Hurley ina udhaifu: mashine ya kutundika nyuma, kwenye mawimbi mafupi, panga lake linatoka majini na kulia hewani wakati unapoihitaji zaidi.

Sasa bei. Pauni 3,500 usitoe. Si kwamba boti haistahili. Ni kwamba wewe una 4,500, na mnunuzi wa chombo cha umri huu asipobakiza karibu nusu ya mfuko wake ananunua kitakachomfunga gatini. Utahitaji bima ya kufidia wengine, ambayo bandari zitaidai. Utahitaji kuinyanyua kwa kreni, kupaka rangi ya kuzuia chaza na mwani, koki mpya, labda nyaya. Utahitaji majaketi okozi manne yanayowaenea, na la mtoto liwe na mkanda wa kupita miguuni, maana lisipokuwa nao linamvuka kichwani. Redio ya VHF, nanga nzuri na mnyororo wa kutosha. Mpe mzee 2,300, kwa adabu, ukiwa na orodha ya ulichokiona, na usivuke 2,500. Wazee wa hapa wanaoacha bahari mara nyingi wanapenda kumuona mtoto akipanda boti yao. Nenda na wako. Msimu wa kununua ni kuanzia Oktoba, ada za mwaka zinapokaribia, kuliko Mei kila mtu anapokuwa na hamu.

Akikataa kabisa, nenda kwa Hurley bila majonzi. Ni chombo kigumu, farumi yake, ule uzito wa chini unaoiweka wima, ni nzito kwa urefu wake, na matanga mazuri uliyoyataja ni pesa iliyokwisha lipwa na mwingine. Udogo usikutie aibu. Mwaka 1995 baharia Mwingereza Ellen MacArthur aliizunguka Uingereza peke yake akiwa na miaka 18, kwenye boti aina ya Corribee ya futi 21. Ila alikuwa peke yake. Ninyi ni wanne, na usiku mmoja wa mvua ndani ya futi 22 unaweza kumfanya mkeo asirudi tena. Kwa Hurley panga safari za mchana, na usiku lala botini na mtoto mmoja mmoja kwa zamu. Baada ya misimu miwili utaiuza karibu na bei uliyonunulia.

Malengelenge umetishwa bure. Maji yanapenya polepole ngozi ya nje ya faiba, yanachanganyika na kemikali zilizobaki ndani, yanavimba. Ukilitoboa, lina harufu kama ya siki. Vaa miwani, maana maji yake yanaruka. Kwa boti ya miaka hamsini yenye unene wa zile za zamani, malengelenge machache ni uzee. Yakwangue, yaache yakauke, ziba kwa epoksi, endelea na safari. Sijawahi kuona boti iliyozama kwa malengelenge. Nimeona zilizozama kwa koki mbovu na bomba lililochomoka. Sitaha ndiyo ya kuiangalia: itembee yote kwa kisigino, na mahali panapobonyea au panapotoa sauti ya bubu ukipagonga kwa mpini wa bisibisi, maji yameingia katikati ya matabaka. Hiyo ni kazi kubwa. Ikibonyea chini ya mlingoti, ondoka.

Mkaguzi wa vyombo atakutoza kama pauni 500. Kwa Centaur ningemlipa, hasa kwa ajili ya mikuku, na mara nyingi bima kamili haipatikani bila ripoti yake. Kwa Hurley ya 1,500 ningemuomba fundi mzoefu aje kwa saa mbili na nimlipe.

Leseni huhitaji kwa boti yako binafsi baharini hapa. Maarifa unayahitaji. Ulichojifunza kwa baba kuhusu upepo kinakutosha kuanzia, lakini Tanga haikukufundisha maboya ya hapa, wala ukungu, wala kupita mbele ya meli za Southampton ambazo haziwezi kukukwepa. Kozi ya Day Skipper, ya unahodha wa mchana, ya RYA (chama cha wasafiri wa boti cha Uingereza) ifanye kipindi cha baridi, darasani kwanza. Mkeo aanze na bwawa la kuogelea. Akijua tu kuelea, boti yote itakuwa na amani. Na jambo moja la jikoni: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka ngamani na kukaa pale. Mfundishe kila mtu kufunga mtungi kwenye koki yake, si kwenye jiko.

Karatasi: dai hati ya mauzo yenye sahihi, na zile za wamiliki waliotangulia kadiri zinavyopatikana. Namba ya SSR (daftari la vyombo vidogo la Uingereza) iliyobandikwa nyuma ya boti si ushahidi wa umiliki. Ni ya kukuruhusu kupeperusha bendera ukiwa ng'ambo.

Cherbourg si mwaka huu. Kutoka Needles, miamba ya ncha ya magharibi ya Isle of Wight, ni kama maili 60 za baharini, saa 12 hadi 15 kwa Centaur, ukikatiza njia kuu za meli. Fanyeni kwanza Bembridge, Newtown, Yarmouth, bandari ndogo za Isle of Wight, mjue mtoto yupi anatapika na nani anaamka vizuri alfajiri. Na kuna jambo Waingereza wenzako hawatakukumbusha: kama bado mnatumia pasipoti za Tanzania, mtahitaji viza ya Schengen hata mkiingia kwa boti yenu wenyewe, mtafikia bandari yenye uhamiaji, na safari yenyewe lazima itolewe taarifa kwa mamlaka za Uingereza kabla ya kung'oa nanga. Angalia pia masharti ya kibali chenu cha kuishi hapa kabla ya kutoka.

Ukishainama chini ya hiyo Centaur, nitumie picha za mshono wa mikuku, wa nje na wa ndani, pamoja na mwaka wa zile nyaya. Usimpe mzee hata pauni moja ya kishika uchumba kabla sijakujibu.

Nahodha